Mtoro wa miaka saba

Najua niliahidi wiki hii kuandika ya maji hosteli, lakini maji yamerudi (kwa muda) na kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita. Leo mnivumilie, nataka kuongelea neno moja tu: mtoro.

Wale mliofanya TP shule za msingi mnaijua rejista. Mtoto yupo, unaweka alama. Hayupo, unaweka nyingine. Akikosekana siku nyingi bila taarifa, jina lake linahamia kwenye orodha ya watoro. Sasa mi nauliza: mtoto wa darasa la kwanza, ambaye kamba za viatu hawezi kufunga, anatorokaje? Mtoro ni yule wa darasa la sita anayeaga nyumbani na sare yake safi halafu anaishia mtoni kuogelea. Huyu mdogo amebebwa. Kaamshwa alfajiri, kavishwa sweta, kapakiwa kwenye mtumbwi au kwenye bodaboda katikati ya mama na begi, safari imeanza. Lakini kwenye karatasi zetu wote wawili ni kitu kimoja.

Kwetu Kyela hili ni jambo la kila mwaka. Asiyefika kwetu pengine anaijua Kyela kwa mchele tu. Kyela ni bonde, mbele yako Ziwa Nyasa, pembeni milima ya Livingstone, na upande mwingine mto Songwe ambao ndio mpaka na Malawi. Huo mto wenyewe haukai sehemu moja. Mvua zikizidi unahama njia, hadi serikali mbili zikalazimika kukaa pamoja kuupangia mradi wa bonde lake. Na watu nao ni hivyo hivyo. Ng'ambo kuna Wangonde, ambao ni ndugu zetu kabisa. Ukimsalimia mtu wa Karonga "ugonile" anakuitikia bila kufikiri. Kwahiyo shangazi yuko kule, bibi yuko huku, ng'ombe wa mahari walishavuka zamani, na msiba ukitokea upande wowote watu wanavuka daraja la Kasumulu. Msiba wa Kinyakyusa si wa kupitia na kuondoka. Usipoonekana watu wanakuuliza kulikoni, na wengine hawaulizi, wanakumbuka tu.

Kuna na wanaofuata samaki. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na wavuvi huhama na ziwa linavyotaka, leo Matema, kesho huko pwani ya Ludewa. Baba akihamia kambi ya uvuvi, mama anaenda kupika na kuanika, na watoto wadogo wanaachwa na nani?

Basi mwaka jana nilipokuwa TP, shule siitaji, tulikuwa na binti mmoja darasa la kwanza. Wiki za mwanzo alikuwa vizuri tu. Ba be bi bo bu anaimba, na akikutana na neno "baba" analitamka kwa fahari kama kalitunga yeye. Wiki ya nne hayupo. Nikauliza, wenzake wakanijibu kwa pamoja kama wimbo: "Ameenda ziwani!" Akarudi baada ya wiki tano na ushee. Mwalimu wa darasa akamwita "mgeni wetu", darasa likacheka, akapelekwa dawati la nyuma. Watoto walikuwa zaidi ya tisini mle ndani, na mwalimu ana muhtasari wa kumaliza. Sisemi mwalimu ni mbaya. Nilimwona akisahihisha madaftari tisini kwa siku.

Nilichokiona kwa yule binti sijakisoma kwenye hendauti yoyote. Darasa likisoma kwa sauti, alikuwa anachezesha mdomo. Sauti haitoki, ila midomo inaenda sawa na wenzake. Ukiwa mbele ya darasa kubwa hivyo huwezi kujua, unaona mdomo unacheza, unaridhika. Nilijua siku niliyopita nyuma kukusanya madaftari.

Lakini subirini kwanza. Siku hiyo hiyo jioni nikamkuta sokoni na mama yake na mafungu ya usipa. Mteja akataka mafungu matatu, akatoa noti, na yule binti akataja chenji kabla mama yake hajafungua mkoba. Sahihi! Darasani hesabu ya kujumlisha namba ndogo ilikuwa inamkalisha na vijiti. Hapo ndipo mhadhara wa Vygotsky niliokuwa nimeusinzia mwaka wa kwanza ulipoamka. Mzee anasema mtoto anafika mbali zaidi akifanya kitu pamoja na anayekijua kuliko akiwa peke yake. Na mama yule alikuwa anajua, tena sana. Mwalimu Nyerere naye kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alilalamika kwamba shule tulizorithi zinamfanya mtoto aamini kila elimu yenye maana iko kwenye vitabu au kwa waliosoma, na hekima ya wazee wake si kitu. Tunaijibia maswali kwenye mtihani kila mwaka hiyo, halafu tukifika shuleni tunamwita mtoto wa ziwani mgeni.

Sasa mtasema huyu jamaa anatetea watoto watolewe shule. Ngojeni.

Mwezi uliopita dada yangu alipiga simu. Mama mkwe wake, aliyeko Karonga, anaumwa na anataka kuwaona wajukuu. Shemeji ana kaka yake Nkhata Bay, huko chini zaidi, kwahiyo mpango ulikuwa waende wote, wakae na bibi, washuke Nkhata Bay, warudi. Wiki saba. Wapwa zangu ni wawili, mdogo yuko darasa la awali, mkubwa darasa la pili, na muhula ulikuwa katikati. Dada akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wetu, sema." Si mnajua ukiwa wa kwanza kwenye ukoo kusomea ualimu, hata kabla ya cheti umeshakuwa wizara nzima ya elimu.

Nikaanza na sheria, manake ndiyo ngao ya mwoga. Sheria ya Elimu ya 1978 inasema mtoto akishaandikishwa shule ya msingi lazima ahudhurie mpaka amalize, na mzazi ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha. Dada akasikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Bibi haugui kwa kalenda ya wizara." Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Kalenda yenyewe hata na majirani haipatani: sisi mwaka wa shule unaanza Januari, Malawi wanaanza Septemba, kwahiyo familia yenye miguu pande zote mbili haipati likizo moja ya kutosha watoto wote. Ukivuka daraja hata saa inarudi nyuma saa moja! Nakumbuka mimi mwenyewe nikiwa mdogo, mama alinipeleka Karonga kwenye msiba, na hiyo saa moja ya ziada ilinifurahisha kuliko kitu chochote, nikaona nimepewa bure. Na kubadilisha shilingi kuwa kwacha nilijulia kule, kwenye duka la mjomba, sio darasani. Halafu Karonga kuna makumbusho yenye nakala ya mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilaya hiyo hiyo. Mpwa wangu anapenda wanyama mpaka basi. Nitamwambiaje asiende akamwone?

Kilichonikwamisha ni darasa la pili. Hili nalisema kama mtu ninayelisomea, na mkibisha tubishane. Watoto wote si sawa kwa safari. Yule wa awali, aende tu. Akae na bibi yake, ajifunze hadithi, acheze mchangani. Hakuna atakachokosa ambacho bibi hawezi kumpa, na bibi anavyo vingi ambavyo shule haina. Wa darasa la tano au la sita anayesoma vizuri, naye akienda mwezi na vitabu vyake anaweza kufidia, kwa sababu tayari ana ufunguo. Ila wa kwanza na wa pili ndio wako mlangoni. Tangu 2015 mtaala wa madarasa haya mawili ulipangwa upya uwe wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na haikuwa bure. Herufi zinajengwa moja juu ya nyingine. Ukikosa wiki ya "nya" na "ng'", ukirudi wenzako wanasoma sentensi zenye "nyanya" na "ng'ombe", na wewe unaanza kuchezesha mdomo.

Kwa mtoto wa Kyela kuna jambo la ziada ambalo watu wa Dar hamlioni. Kiswahili kwake mara nyingi ni lugha ya shule. Nyumbani ni Kinyakyusa. Akienda Karonga wiki saba ni Kingonde na Kitumbuka na Chichewa, jambo zuri sana kwa masikio yake, lakini Kiswahili anachojifunzia kusoma kinalala. Akirudi hajakosa herufi tu, hata maneno yenyewe yamepungua. Watu wanasema "mtoto ana akili atafidia". Atafidia kwa nani, kwenye darasa la tisini? Fidia inahitaji mtu wa kukaa naye. Mtoto wa mwenye nacho akienda Ulaya mwezi mzima anarudi anawekewa mwalimu wa tuisheni. Yule binti wa usipa aliwekewa dawati la nyuma.

Kwahiyo nilimwambia dada hivi: nendeni, ila siyo wiki saba kwa huyu mkubwa. Wiki tatu. Nkhata Bay isubiri likizo ya Juni (japo kipindi hicho mwera unavuma na ziwa linachafuka, kwahiyo wapite barabarani). Kabla ya kuondoka shemeji aende shuleni mwenyewe, aongee na mwalimu mkuu ana kwa ana, aombe ruhusa kwa barua, ili yule mtoto asiingie kwenye ile orodha. Na mwalimu wa darasa aulizwe: wiki hizi tatu mtafika wapi? Aandike kwenye daftari. Kila jioni mtoto amsomee bibi ukurasa mmoja wa Kiswahili, hata kama bibi haelewi. Tena asipoelewa ndio vizuri, itabidi mtoto amweleze.

Dada alinuna kidogo. Akasema naongea kama mtu asiyekuwa na mama mkwe. Kuna ukweli hapo. Mama mkwe akiwa mgonjwa, mkwe kuondoka baada ya wiki tatu si jambo dogo kwetu, na anayesemwa ni yeye, wala sio mimi niliyeko huku nakula wali maharage kafeteria. Mwishowe wakakubaliana dada abaki na bibi na mdogo, shemeji arudi na mkubwa.

Na wamerudi. Shemeji kampeleka shule Jumatatu. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari kurasa watakazofika, mbili hazikuguswa, nyingine zote zimesomwa na pembeni bibi kaweka alama ya kalamu kila jioni. Mstari umepinda kweli, mkono unatetemeka. Shemeji kanitumia picha ya hizo kurasa. Bibi bado anaumwa. Dada bado yuko kule, na ananijibu meseji kwa neno moja moja.

Wale wa kitivo chetu mnaojiandaa na TP Julai, hasa mnaopangiwa kandokando ya maziwa, nambieni nyie shuleni kwenu mliwaitaje watoto wa namna hii na mlipowapokea mliwakalisha wapi. Nataka kulipeleka kwenye semina Alhamisi, na dokta wetu huyu anapenda mifano. Nakimbia, saa nane nina kipindi Nkrumah na viti vya mbele vinaisha mapema.