Masale ya Mpaka

Nilikuwa na miaka 12 usiku ambao baba aling'oa masale ya mpaka na kuyapanda upya hatua nne ndani ya kihamba cha jirani. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Mzee wa ukoo aliponiuliza, nilisema sikuona kitu.

Ukubwani nikasoma kisa cha mtawala wa She, katika China ya kale. Alimsifia Confucius kijana mmoja wa kwao, mnyoofu kiasi cha kutoa ushahidi dhidi ya baba yake aliyeiba kondoo. Confucius akajibu kwamba kwao unyoofu ni mwingine: baba humfichia mwana, mwana humfichia baba. Nilishusha pumzi. Kumbe sikuwa na kosa.

Faraja hiyo aliivunja Plato. Anasimulia jinsi Socrates, mwaka 399 KK, alivyokutana mahakamani Athens na Euthyphro, aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao, akiwa amelewa, alikuwa amemuua mtumwa wa nyumba ile. Baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu mjini kuuliza la kufanya. Mjumbe hajarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Jamaa walimkasirikia Euthyphro. Yeye akashikilia kwamba aliyeuawa awe mgeni au ndugu, uovu ni uleule. Socrates anambana kwa maswali, na kweli mtu huyu ana majivuno. Lakini mimi nilibaki na yule kibarua shimoni. Kama si mwana wa aliyemfunga, nani angemsemea? Katika kisa cha kondoo, mwenye mali hata hasemi neno.

Nilimrudia Confucius nikiwa na hasira, nikakuta fundisho nililokuwa nimelipita: mtoto akiona mzazi anakosea, amwonye kwa upole, na asiposikilizwa asiache kumheshimu. Nilivyomwelewa mimi, kumsitiri baba mbele ya watu hakukuondolei wajibu wa kumkabili nyumbani. Nami nilinyamaza kote, kwa wazee na kwa baba. Tuliishi miaka 31 zaidi bila kulitaja jambo lile, na woga wangu nikauita heshima.

Baba hayupo tena. Jirani bado yu hai, anatembea kwa mkongojo. Kwetu Uchaggani, sale lilelile la mpakani ndilo analoshika mtu anayekwenda kuomba msamaha. Desemba nikifika nyumbani nitakata moja, palepale nilipoinua taa.