Sanaa Katika Ofisi ya Mkuu wa Mkoa

Mahali zinapokutana barabara mbili kubwa za Nairobi, ile ya Kenyatta na ile ya Uhuru, pana jumba la mawe ambalo maelfu ya watu hulipita kila siku bila kuligeukia. Si refu, wala halina madoido ya kumsimamisha mpita njia. Lilijengwa mwaka 1913 liwe ofisi ya utawala wa Kiingereza, na kwa miaka mingi Mkuu wa Mkoa ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Leo ni nyumba ya sanaa iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, nayo yaitwa Nairobi Gallery. Tulikwenda kuizuru pamoja na wanafunzi wa sekondari, nasi twapenda kueleza tuliyoyaona humo, na hasa jambo moja lililotushughulisha muda wote wa ziara yetu.

Tuanze na nyumba yenyewe. Humo ndimo zilimoandikishwa habari za watu: waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Wazungu wa siku hizo waliipa nyumba hiyo jina la mzaha, wakisema kuwa ni mahali pa kuanguliwa, kuozwa na kusafirishwa. Husemwa pia kwamba umbali wa kwenda pande zote za nchi ulipimwa kutoka mlangoni pake. Basi mwalimu wa jiografia asemapo kwamba Mombasa iko mbali na Nairobi kiasi cha kilomita 480, na akumbuke kuwa kitovu cha hesabu hiyo kilikuwa ofisi ya mtawala, wala si soko wala kisima.

Kwa babu zetu, ofisi za namna hii hazikuwa mahali pa kwenda kustarehe. Tangu mwaka 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha madini. Mtu aliingia ofisini akiwa ameshika kofia mkononi, akasimama mpaka aitwe. Kwa hiyo tulipokuwa chini ya kuba la ukumbi wa katikati, tukiwatazama wanafunzi wetu wakizunguka vyumbani wapendavyo, wakicheka na kunong'onezana, tuliona kuwa mabadiliko haya si madogo. Ofisi ya mkoa ilihamia Nyayo House, jengo refu lililo jirani, ambalo katika vyumba vyake vya chini ya ardhi wapinzani wa serikali walifungwa na kuteswa katika miaka ya 1980. Hilo nalo wanafunzi walituuliza, nasi tuliwajibu. Historia haichagui upande mmoja wa ukuta.

Sasa tuje kwenye sanaa. Vitu vingi vilivyomo vilikusanywa na Joseph Murumbi na mkewe Sheila. Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomea India, akafanya kazi Somalia, na viongozi wa Kenya African Union walipokamatwa mwaka 1952 yeye alikuwa mmoja wa waliobaki kuendesha chama hicho. Baadaye aliishi London uhamishoni, na huko ndiko alikozidi kushikwa na mapenzi ya kununua vitabu na vitu vya Afrika. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Hakukaa katika cheo hicho hata mwaka mmoja. Alijiuzulu, akarudi kwenye vitabu vyake na vinyago vyake. Twajua kuwa wapo watakaosema kwamba aliacha kazi kubwa akashika ndogo. Sisi hatuoni hivyo.

Wakusanyaji wengi wa wakati ule walitafuta vitu vya kale tu, kana kwamba Mwafrika wa leo hawezi kuumba kitu. Murumbi alivipenda vya kale: vito, nguo, shanga, vifaa vya nyumbani. Lakini alinunua pia kwa wasanii waliokuwa hai, waliohitaji fedha za chakula na kodi ya nyumba. Mwaka 1972 alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage, nyumba ya kuonyesha na kuuzia kazi za wasanii wa bara zima, ambayo iliendelea mpaka mwaka 2003. Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, na wasanii kadhaa wa Uganda walikuwa wamekimbilia Nairobi. Miongoni mwa wasanii ambao Murumbi alizipenda kazi zao ni Francis Nnaggenda wa Uganda, anayeunganisha mti na chuma katika sanamu moja. Expedito Mwebe, fundi wa kuchonga, naye wa Uganda. Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Na Elkana Ongesa wa Kisii, mchongaji wa jiwe, ambaye ndege wake wa amani amefika hata makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Mmoja wa wanafunzi alisimama kwa muda mrefu mbele ya kiti kilichochongwa, kisha akamwuliza mama aliyekuwa akituongoza, "Shikamoo, mama. Kiti hiki chaweza kukaliwa?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu. "Kilikaliwa zamani. Sasa kinatazamwa tu."

Jibu hilo halikumridhisha kijana, na kwa kweli halikuturidhisha sisi pia. Kiti kilichonyimwa wa kukikalia kimepungukiwa na kitu. Hata hivyo tulipolifikiri jambo hilo zaidi tuliona kwamba swali la kwanza si kama kiti kinakaliwa au hakikaliwi, bali ni kama kipo.

Maana hebu tuangalie yaliyoipata nyumba ya Murumbi mwenyewe. Alikuwa na nyumba kubwa huko Muthaiga, iliyojaa vitabu na kazi za sanaa, katikati ya bustani yenye miti mingi. Wanunuzi wa nchi za nje waliutamani mkusanyiko wake, lakini hakutaka utoke nchini. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali mkusanyiko huo, vikiwemo vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, pamoja na nyumba hiyo, kwa matumaini kwamba ingekuwa chuo cha utafiti wa mambo ya Kiafrika. Chuo hakikuanzishwa. Nyumba iliachwa, kisha ikabomolewa. Miti ikakatwa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi alifariki mwaka 1990, akiwa amekwisha kuyajua hayo.

Hili ndilo jambo lililotushughulisha. Nyumba ya mtawala wa kikoloni ingali imesimama, mawe yake hayajatikisika, nayo inalindwa na sheria kama kumbukumbu ya taifa. Nyumba ya Mkenya aliyeipenda sanaa ya Afrika kuliko cheo haipo tena. Na mali aliyoikusanya Mkenya huyo imekwenda kuomba hifadhi katika nyumba ya mtawala. Wala si mkusanyiko wa Murumbi peke yake uliopata misukosuko. Jumba la Paa ya Paa, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau na wenzake, liliungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea. Tunawafundisha vijana kwamba utamaduni ni roho ya taifa, lakini ni mara ngapi tunawaambia kwamba utamaduni huhitaji pia bati lisilovuja, kufuli madhubuti na mlinzi anayelipwa mshahara wake kwa wakati?

Vitabu vya Murumbi, pamoja na sehemu nyingine ya mkusanyiko wake, vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa benki, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Nairobi Gallery. Mwalimu atakayewaleta wanafunzi Nairobi na awapitishe kote kuwili siku hiyo hiyo.

Sisi tuliongeza mahali pa tatu. Murumbi alizikwa City Park, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Hapo zimewekwa sanamu za mawe, kazi za wasanii wa aina ile aliyoipenda, nazo zimesimama uwanjani kwenye mvua na jua, na kima wa bustani hupita baina yake. Yule kijana aliyeuliza habari za kiti aliweka mkono wake juu ya jiwe, akaupitisha polepole toka juu hadi chini, na hapakuwa na mtu wa kumkataza.