Nusu Mnyonya Damu

Kwetu mnyonya damu hachekeshi. Mtoto wa Ngara, kama alivyo mtoto wa Dar es Salaam au Mombasa, hukua akisikia habari za mumiani: watu wanaokuja na gari usiku, wanamkamata mtu, wanamtoa damu na kwenda kuiuza. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi wa aina hii mwaka 2000. Ukikisoma unaona kwamba mnyonya damu wa Afrika Mashariki na Kati hana meno marefu wala joho jeusi. Ana sare na mwajiri. Nairobi na Kampala walimwita mzimamoto. Haogopi kitunguu saumu, kwa sababu hakutoka kaburini, ametoka kazini.

Na aliyechukuliwa na mumiani harudi. Hadithi zote nilizosimuliwa ziliishia pale pale. Fulani alitumwa chumvi jioni, likapita gari, basi. Hakuna aliyeniambia fulani alijisikiaje njiani, wala kama kuna mtu alijaribu kumrudisha.

Nilikutana na mnyonya damu wa aina nyingine mwaka 2008, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye kibanda cha video pale Mugoma. Kilikuwa kibanda cha udongo, na kwa ndani kuta zilifunikwa maturubai ya UNHCR yaliyobaki mitaani kwetu tangu enzi za kambi za wakimbizi. Jenereta lilinguruma nyuma. Wasichana hatukuwa na ruhusa ya kuingia, lakini kaka yangu ndiye aliyekuwa akipokea hela mlangoni na kutia petroli kwenye jenereta, kwa hiyo nilikuwa na kigoda changu pembeni yake, nusu ndani nusu nje.

Zilikuwa siku za zile DVD zenye filamu kumi na kitu katika sahani moja. Moja ilikuwa na picha ya meno yanayochuruzika damu, na ndani yake zilijazana filamu za Marekani za miaka ya themanini: vijana wa sekondari, nywele zimechanwa zikasimama, muziki wa magitaa, na mnyonya damu ambaye ama ni jirani, ama ni mpenzi, ama ni rafiki mpya. Fright Night ya 1985. Once Bitten, ya mwaka huohuo, Jim Carrey akiwa bado hajulikani. Vamp ya 1986, yenye Grace Jones. Na The Lost Boys ya 1987, iliyoongozwa na Joel Schumacher, ambayo kibanda kiliomba irudiwe mpaka sahani ikaanza kukwama.

Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyejipatia jina kwa kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili. Uganda walikuwa na mafundi wao wa Kiganda. Sisi tulikuwa na mwenye kibanda, aliyesimama kando ya televisheni na kijiti mkononi na kueleza kila kitu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kihangaza. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini hadithi aliishika vizuri. Mama ameachana na mumewe, amerudi kwa baba yake na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Michael, anafuata genge la vijana wa pikipiki. Wanampa chupa, anadhani ni divai, anakunywa. Ni damu. Tangu hapo analala mchana, anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na kwenye kioo taswira yake inaanza kufifia. Mdogo wake, Sam, anaiona ile taswira. Na jambo la kwanza linalomtoka ni kwamba atamwambia mama.

Hapo kibanda kizima kilianguka kicheko. Nimewahi kusoma maelezo mengi ya kwa nini filamu hizi hazizeeki: mavazi, muziki, watu wazima wanaoukumbuka utoto wao. Watu wa Mugoma hatukuwa na utoto huo wa kuukumbuka. Hatukujua hata bahari ya California ipo upande gani. Tulichokijua ni kile kitisho. Kaka yako amegeuka zimwi, anaweza kukuua usiku huu, na silaha uliyo nayo ni kumsemea kwa mama. Vichekesho vya filamu zile vinatoka humo. Jambo la kutisha kuliko yote linaingia katika nyumba yenye sheria zake ndogo ndogo, na sheria zile hazikubali kuvunjika. Vyombo lazima vioshwe. Babu lazima asalimiwe. Mama lazima ajue.

Sheria nyingine ndiyo iliyonishika mimi. Katika filamu ile, aliyekunywa damu lakini bado hajaua ni nusu tu. Mwenye kibanda alilirudia neno hilo akigonga kijiti kwenye ukuta: "Huyu ni nusu! Bado ni nusu!" Nusu anaweza kurudi, ila lazima watu wa nyumbani wafanye haraka.

Nililitazama neno hilo likielea juu ya kichwa cha kaka yangu, kwa sababu mwaka ule na yeye alikuwa amepata genge. Walikuwa vijana wanne wenye pikipiki za Kichina, wakubwa kwake kwa miaka mitatu minne, na walipita kibandani jioni bila kulipa. Burundi ipo karibu sana na kwetu, na kati ya vituo vya mpakani kuna njia za panya kila upande wa kilima. Walivusha sukari, vitenge, petroli, na baadaye vitu vingine ambavyo havikutajwa. Kaka alianza kwa kuwajazia mafuta. Kisha akawa anakaa nyuma ya pikipiki, anashikilia mzigo. Akaanza kulala mchana. Akanunua miwani myeusi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alipocheka na wale wenzake alicheka kicheko ambacho hakikuwa chake.

Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Mama, kaka anaenda na wale wa pikipiki."

"Najua. Suruali zake nani anazifua?"

Kwenye filamu, mama ndiye mtu wa mwisho kujua. Kwetu alikuwa wa kwanza, na alikuwa na sababu ambayo niliijua kidogo kidogo mwaka ule.

Mama alikuwa na kaka. Mjomba huyo alizaliwa 1966, mwaka mmoja na Jason Patric, aliyecheza Michael, na Kiefer Sutherland, aliyecheza kiongozi wa lile genge. Katikati ya miaka ya themanini aliacha shamba akaenda Bukoba kufanya biashara ya nguo zinazotoka Uganda. Ipo picha yake moja: mguu mmoja juu ya stuli, shati linang'aa, miwani. Ukiiweka kando ya tangazo la filamu yoyote ya mwaka 1987 utaona ni vijana wa rika moja, wanaojipenda kwa namna moja.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Walikuwa watatu. Kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Kabla jina la kitaalamu halijazoeleka, watu wa Kagera waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha mtindo kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mashati ya Juliana yalitamaniwa na kila kijana. Jina la nguo ya kupendezea likawa jina la kifo.

Wachambuzi wengi wa filamu wanasema wanyonya damu wa Hollywood wa miaka ile walibeba hofu ya UKIMWI: damu, vijana, mapenzi, kosa la usiku mmoja. Kwa mtu wa Marekani hiyo ni tafsiri. Kwangu ni kalenda. Wakati Michael anapokea chupa bila kujua kilichomo, Julai 1987 kwenye majumba ya sinema ya Marekani, mjomba wangu alikuwa Bukoba na shati lake. Hakuna aliyemwambia kilichomo. Na kwake nusu haikuwepo. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa bure Tanzania kuanzia 2004, na yeye alirudi Mugoma mwaka 1989, akiwa na miaka ishirini na mitatu, mwepesi kiasi kwamba alishushwa kwenye gari kwa mkono mmoja. Alilala chumba cha uani. Watu waliacha kumpa mkono. Mama yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minane, ndiye aliyempelekea uji asubuhi na jioni, akaingia, akakaa mpaka umalizike.

Kwa hiyo mwaka 2008 alipoona mwanaye amevaa miwani ndani ya nyumba, mama hakupiga kelele. Alifanya mambo mawili. Chakula cha kaka akakiweka kando kila usiku, kimefunikwa. Na mimi akanipa kazi ya komeo.

"Akigonga, fungua. Saa yoyote. Usimuulize."

Nilifungua saa nane, saa tisa, saa kumi alfajiri. Wakati mwingine alinuka petroli, wakati mwingine pombe. Usiku mmoja alikuwa na damu kwenye mkono wa shati na sikujua ni ya nani. Nilisimama nimeshika komeo. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara nne au tano, na najua hasa nilichokifikiria: ile sehemu ambapo Michael anaelea nje ya dirisha la mdogo wake, hawezi kujizuia, anaomba afunguliwe. Kanuni ya hadithi zote za wanyonya damu ni kwamba usimkaribishe ndani. Ukimkaribisha, umekwisha. Filamu yenyewe inaisema kanuni hiyo kwa mdomo wake. Na bado Sam anafungua dirisha.

Kaka aliingia, akala ugali wa baridi amesimama, akalala. Damu ilikuwa yake, alikatwa na waya.

Linganisha na Fright Night. Pale kijana Charley anagundua kwamba jirani ni mnyonya damu, na hakuna anayemwamini, si mama, si rafiki, si polisi. Wamarekani wanamwonea huruma. Sisi kibandani hatukuielewa shida yake, kwa sababu kwetu anayenyoosha kidole kwa jirani huaminiwa haraka mno. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizaa ghasia na polisi akauawa. Mimi mwenyewe nimeona vibibi wakihamishwa vijiji kwa sababu ya neno moja lililosemwa kilabuni. Fright Night naipenda, lakini siwezi kuitazama bila kuhesabu watu ambao Charley wao alikosea. The Lost Boys inaniuliza jambo gumu zaidi: ukishajua ni kweli, na ni mtu wako, utafanyaje?

Jibu lake ni la kipuuzi. Maji ya baraka kwenye bastola za watoto. Beseni la kuogea lililojaa vitunguu saumu. Watoto wawili wanaouza vitabu vya katuni wanajifanya makomandoo. Na mwisho kabisa babu, mzee ambaye filamu nzima alikuwa akijaza wanyama waliokufa, anavunja ukuta kwa gari lake na kummaliza mkubwa wa wanyonya damu wote, ambaye ni mwenye duka la video. (Mwenye kibanda wetu hakulitafsiri hilo kwa furaha.) Babu anafungua jokofu, anachukua kinywaji, na tunagundua kwamba siku zote alijua mji umejaa wanyonya damu.

Babu yetu sisi hakuvunja ukuta. Aliuza magunia mawili ya kahawa, akamwita kaka, akamwambia kuna fundi pikipiki Biharamulo anatafuta kijana wa kujifunza, na nauli hii hapa. Kaka alikataa siku tatu. Siku ya nne aliondoka. Wiki chache baadaye wawili kati ya wale wanne walikamatwa, na mmoja alivuka kwenda Burundi na hakuonekana tena. Sisemi kaka aliokolewa na filamu. Aliokolewa na magunia mawili ya kahawa na mwanamke aliyewahi kuona mtu akichelewa. Siku hizi ana karakana yake, na ukimwambia habari za nusu anakutupia spana.

Ila filamu ndiyo iliyonipa neno. Mumiani hakuwa nalo. Katika hadithi zetu za damu kuna aliye salama na aliyechukuliwa, na katikati hakuna kitu. Filamu za kijinga za vijana wenye nywele za kusimama zilikaa pale katikati saa moja na nusu nzima, zikacheka, zikangoja. Nadhani ndiyo maana kila baada ya miaka michache vijana wengine wanazigundua upya, mahali ambapo hakuna anayejua California. Kila nyumba ina mtu aliye nusu.

Desemba iliyopita nilikwenda likizo na kompyuta, nikamwekea mama The Lost Boys. Nilitafsiri mwenyewe, bila kijiti. Alilalamika kuhusu muziki. Aliuliza kwa nini yule mama hapiki. Tulipofika penye dirisha, nikamweleza kwamba kwa sheria zao hapaswi kumfungulia.

"Sasa asipomfungulia," mama akasema, "atakwenda wapi?"

Alisinzia kabla babu hajafika na gari lake.