Kakamega: Jani linaloupumzisha msitu

IWAPO utabahatika kuzuru Magharibi mwa Kenya, msomaji, usikomee Kisumu. Panda matatu hadi Kakamega, kisha ushike njia ya Shinyalu mpaka Isecheno. Hapo utaupata msitu wa mvua wenye aina zaidi ya 300 za ndege, na mbega wakiruka toka tawi hadi tawi.

Lakini usitazame juu pekee. Kwenye mashamba yanayopakana na msitu, kando ya mahindi na migomba, kuna wakulima wanaopanda kichaka kifupi cha jamii ya mrehani. Chuma jani lake ulifikiche viganjani. Harufu itakayokupanda puani ni ya kafuri, kama ile ya dawa ya kujipaka kifuani wakati wa mafua.

Wataalamu huuita mmea huu Ocimum kilimandscharicum. Kafuri hiyo ni silaha yake, kwani wadudu wengi huikimbia. Ndugu yake, Ocimum gratissimum, mara nyingi hunukia karafuu, maana kemikali iliyomo ni nyingine kabisa. Ukoo mmoja, dawa mbalimbali!

Mafuta hutolewa kwa kuyapitishia majani mvuke. Mvuke huyabeba, na ukishapozwa, mafuta hujitenga na maji. Ni kwa njia hii wakulima wa kikundi cha Muliru, wakishirikiana na watafiti wa icipe, walivyopata malighafi ya marhamu iitwayo Naturub. Mwaka wa 2010, kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Equator.

Je, msitu unafaidika vipi? Fikiria mukombero, mzizi unaopendwa sana kutafunwa. Ukiung'oa, umeua mmea. Fikiria pia mwiria, ambao gamba lake hutengenezewa dawa za tezi-kibofu huko Ulaya. Ukiubambua pande zote, mti hukauka. Hali ilikuwa mbaya hata biashara ya kimataifa ya mwiria ikawekewa masharti mwaka wa 1995.

Mrehani hauna balaa hiyo. Ukikata matawi leo, mengine huchipuka, na mkulima huvuna tena bila kuingia msituni na shoka.

Basi utakapotembezewa mukombero mjini, muulize mchuuzi: umetoka shambani au msituni? Swali hilo dogo laweza kuuokoa mzizi mmoja.