Difu ya Njia Yetu

Watu wanaponunua motokaa hutazama kwanza rangi yake, halafu viti vyake, na mwisho husikiliza sauti ya injini. Ni wachache wainamao kutazama kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma. Mafundi wetu hukiita difu. Hakina uzuri wowote, hakisikiki kikiwa kizima, na aghalabu kimepakaa matope. Lakini katika kaunti za Kisii na Nyamira, kibuyu hicho mara nyingi ndicho kiamuacho kama safari itafika au itaishia mtaroni.

Yafaa nimweleze nchi yetu msomaji asiyeijua. Ni nchi ya vilima na mabonde yaliyosongamana. Mvua ni nyingi, na udongo mwekundu unaostawisha chai na ndizi hugeuka utelezi mara unapolowa. Barabara kubwa, kama ile itokayo mji wa Kisii kwenda Nyamira, zina lami. Lakini watu wengi hukaa migongoni mwa vilima, na njia nyingi ziendazo huko ni za udongo. Njia hizo hupitisha vitu visivyoweza kungoja. Majani ya chai yakisha kuchumwa hayana budi kufika kiwandani upesi, kiwe ni Kebirigo, Sanganyi au Ogembo, kwa maana yakilundikana hupata joto na kuharibika. Maziwa hayangoji. Mgonjwa hangoji.

Sasa, kazi ya difu ni nini? Motokaa inapokata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Fanyeni hesabu: ikiwa magurudumu yametengana kwa mita 1.4, na motokaa ikazunguka duara kamili, gurudumu la nje litatembea karibu mita 8.8 zaidi ya mwenzake, duara liwe dogo au kubwa. Kama yote mawili yamekazwa kwenye chuma kimoja, hapana budi moja liburuzwe. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni dawa ya shida hiyo mwaka wa 1827, zama za magari ya mvuke. Alipanga gia ndogo ziliachazo kila gurudumu lizunguke kwa mwendo wake, huku yote mawili yakisukumwa na injini moja.

Dawa hiyo ina kasoro yake. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili nguvu sawasawa, wala haiwezi kulipa moja zaidi ya jingine. Tuseme gurudumu la kushoto limo matopeni, na tope hilo laweza kuhimili nguvu ya kiasi cha 20 tu kabla ya gurudumu kuteleza. La kulia liko juu ya mawe, nalo lingeweza kuhimili 200. Difu itatoa 20 kushoto, na kwa hiyo 20 kulia pia. Jumla ni 40. Ikiwa mlima unadai 100, motokaa haitaondoka, hata injini yake iwe na nguvu namna gani. Gurudumu la kushoto litavuma na kurusha tope. La kulia litatulia tuli, kama mgeni asiyehusika na ugomvi wa nyumba.

Jambo hili lilifika nyumbani kwetu kaka yangu mkubwa aliponunua pikapu kuukuu, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ili achukue ndizi na maziwa kutoka kijijini hadi sokoni. Akiba yake yote ilikuwa imeingia humo. Tena majirani walikwisha zoea kumwita usiku, mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa. Difu ya pikapu ile ilikuwa imechakaa na kulia kama kinu, ikawa hapana budi ibadilishwe. Kaka akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Twende kwa fundi ukanisikilizie." Tukaenda. Fundi, mzee aliyefanya kazi ya magari tangu ujana wake, akatuwekea njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa difu yenye kufuli. Dereva akiifunga, magurudumu mawili huwa kama kitu kimoja, na lile lililo juu ya mawe hupata nguvu yote linayoweza kuihimili. Kwa tope hakuna ipitayo hiyo. Lakini ikisahauliwa imefungwa kwenye lami, motokaa hukataa kona, tairi huliwa, na vyuma vya ekseli huteseka. Tena katika njia iliyoinama upande, magurudumu yote mawili yakiteleza pamoja, mkia wa motokaa huporomoka kuelekea mtaroni.

Ya pili ilikuwa difu ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazobanana, kama zile za klachi. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, sahani hulizuia, na sehemu ya nguvu huenda kwa mwenzake. Katika nyingi za namna hii mna springi zinazokaza sahani hata kabla injini haijavuta, kwa hiyo husaidia hata gurudumu likining'inia hewani. Ubaya wake ni kwamba sahani huchakaa, nazo hutaka oili ya namna yake.

Ya tatu ilikuwa difu ya gia za parafujo, ile iitwayo Torsen, ambayo Mmarekani Vernon Gleasman alipata hataza yake mwaka wa 1958. Haina sahani za kuchakaa, na katika kona hufanya kazi kwa upole. Yenyewe huzidisha: ikiwa uwezo wake ni mara 3, na gurudumu la matopeni likihimili 20, la juu ya mawe laweza kupewa 60. Lakini kila mwanafunzi ajua kwamba 3 mara 0 ni 0. Gurudumu moja likinyanyuka kabisa, motokaa husimama, mpaka dereva akanyage breki kidogo ili gurudumu hilo lipate kitu cha kushindana nacho.

Kaka yangu hakuvutwa na hizo kama alivyovutwa na sahani kali za magari ya mashindano. Si ajabu. Katika miaka ya 1930, magari ya mbio ya Auto Union ya Ujerumani yalikuwa na nguvu nyingi hata gurudumu moja la nyuma likawa likiteleza katika mwendo wa kasi, na kampuni ya ZF ikatengeneza difu ya kuzuia utelezi huo. Na hapa kwetu mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na watu wa rika nyingi wamekua wakilitaja jina la Joginder Singh, aliyeshinda mwaka wa 1965 kwa Volvo, kisha mwaka wa 1974 na wa 1976 kwa Mitsubishi. "Kama zinawafaa mabingwa," alisema kaka, "mimi ni nani nizikatae?"

Mzee akacheka. "Mwanangu, dereva wa mashindano hufuatwa na mafundi. Kikivunjika kitu, wanafungua na kutengeneza. Wewe unafuatwa na mikungu ya ndizi." Kisha akauliza swali lililonipendeza kuliko maelezo yote: "Kila siku unapita lami kiasi gani, na tope kiasi gani?"

Tukahesabu. Kila safari ilikuwa na kilomita 18 za lami na 3 za udongo. Na katika hizo 3 mlikuwa na mteremko mkali wa kushukia mtoni, ulioinama upande wa mtaro. Hapo mambo yakajipanga yenyewe. Kufuli ingekuwa hatari katika mteremko ule. Gia za parafujo zingeshindwa pale ambapo mashimo hunyanyua gurudumu. Sahani kali zingesumbua kona za lami mbichi kwa mvua. Zikabaki sahani za springi laini, zinazobana injini inapovuta na kulegea dereva anapoachilia mafuta. Ikatafutwa difu ya motokaa ya namna ile ile, yenye hesabu ya meno inayolingana na ya zamani.

Fundi akaongeza neno ambalo huwafundisha wanafunzi wangu hata leo: difu haizai mshiko, hugawa ule uliopo. Magurudumu yote mawili yakiwa juu ya utelezi mtupu, hakuna difu itakayoyaokoa. Kwa hiyo fedha ambazo zingelipia sahani za mashindano zilinunua tairi zenye meno marefu.

Mvua za masika zilipokuja, pikapu ilipanda gurudumu moja likiwa katika bonde la tope na jingine likishika mawe. Haikupanda kila siku. Jembe halikuondoka chini ya kiti. Lakini usiku mmoja wa Aprili ilimfikisha mama jirani hospitalini kabla mtoto hajazaliwa, na kwa kaka yangu hiyo ilikuwa faida tosha.

Siku hizi motokaa nyingi mpya zina kompyuta inayozuia kwa breki gurudumu linaloteleza, na pengine ninyi mtaziendesha hizo. Hata hivyo swali la mzee yule halijapitwa na wakati. Muuzaji atawaambia kilicho na nguvu, na rafiki atawaambia kilicho na sifa. Ninyi hesabuni kwanza kilomita zenu za lami na kilomita zenu za tope, maana chombo bora ni kile kinachoijua njia ya mwenyewe.