Amri ya Nane na Hewa ya Ukaa



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili inaanza na ombi la radhi. Yako mambo ambayo padre huyatubu katika kiti cha maungamo, na yako mengine ambayo, kwa kuwa aliyatenda hadharani, hana budi kuyasahihisha hadharani. Hili letu ni la aina ya pili.

Wengi wenu mnakumbuka mahubiri yetu ya Dominika moja ya mwezi Februari, mvua ilipokuwa imekatika kwa majuma matatu, na mahindi yalianza kukunja majani mashambani. Tulisimama mimbarini tukasema kwamba wachoma mkaa wametoboa tabaka la ozoni, jua likapenya, na ndiyo sababu mvua imetukimbia. Tulisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Kanisa lilitulia, baadhi wakatikisa vichwa kukubali, nasi tukashuka mimbarini tukiwa tumeridhika.

Baada ya Misa, mwalimu mmoja wa fizikia, muumini wa parokia yetu, alitusubiri chini ya mwembe. Alitusalimu kwa adabu zote, kisha akasema, “Baba Paroko, naomba niseme neno moja. Ozoni ni habari nyingine, na ongezeko la joto ni habari nyingine. Mkaa hautoboi ozoni.” Tulimjibu kwamba tunawahi Misa ya kigangoni. Ni kweli tulikuwa tunawahi, lakini si kwa haraka ile tuliyomwonyesha.

Majuma mawili baadaye katekista alituletea taarifa iliyotunyima usingizi. Mama mmoja mjane, anayesomesha wajukuu wake kwa kuuza mkaa, alikuwa ameacha kuhudhuria Jumuiya Ndogo Ndogo. Kisimani watoto walikuwa wamempa jina: Mwizi wa Mvua. Jina hilo hawakulibuni wao. Lilitoka mimbarini, likapita midomoni mwa watu wazima, likafika kwa watoto.

Tulikwenda kumwona asubuhi. Tulimwamkia “Mwangaluka, Mama,” naye akatuitikia, akatuletea kigoda, wala hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: “Baba, hiyo ozoni niliyoitoboa iko wapi, nikaizibe?” Hatukuwa na jibu. Tulipoinuka kuaga, akauliza kama lile gunia la Jumamosi alilete kama kawaida. Ndilo gunia la jikoni kwetu, katika nyumba ya mapadre. Kwa miaka yote tuliyokaa hapa, uji wetu, chai yetu na maharage yetu vimepikwa kwa mkaa wa mama huyu.

Wapendwa, Bwana wetu alisema habari ya kibanzi na boriti. Njiani tukirudi tulielewa kwamba boriti ile yaweza hata kuwa imekwisha kuchomwa mkaa.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani yetu uongo. Tumezoea kuifikiria katika mambo ya mahakamani, ya ndoa na ya umbea wa mtaani. Mara chache tunakumbuka kwamba hata maelezo ya mvua na joto yanaweza kuwa ushahidi wa uongo, pale yanapomtwika mtu kosa asilolitenda. Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo katika bara hili letu la Afrika, alipofafanua Kitabu cha Mwanzo alionya jambo hilohilo kwa upande mwingine: Mkristo anayesema upuuzi kuhusu mbingu na dunia, huku akijidai anasema kwa mamlaka ya Maandiko, huwafanya wenye ujuzi wamcheke, na wakishamcheka katika yale wanayoyajua, watamsadikije katika habari ya ufufuko?

Basi tulimwendea yule mwalimu, safari hii bila haraka, tukakaa naye jioni mbili. Tunawashirikisha tuliyojifunza, kwa maana tumeona wengi miongoni mwenu mnabishana juu ya mambo haya.

Ozoni ni hewa iliyo juu sana, inayozuia sehemu ya mionzi ya jua iletayo madhara kwa ngozi na macho. Iliharibiwa na kemikali zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Mataifa yakakubaliana kuziacha kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na tabaka hilo linaelekea kupona. Moshi wa tanuri la mkaa haukuhusika.

Hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ni jambo jingine. Jua huipasha dunia joto, nayo dunia hulirudisha joto hilo juu kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huiacha mionzi hiyo ipite. Hewa ya ukaa huinasa sehemu yake na kuirudisha chini. Mambo haya si uzushi wa juzi. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwezi Novemba mwaka 1857, wakifuata njia ya misafara itokayo Bagamoyo. Mwaka mmoja kabla yao, kule Marekani, mama mmoja aitwaye Eunice Foote alikuwa ameonyesha kwamba chupa yenye hewa hiyo, ikiwekwa juani, hupata joto kuliko chupa ya hewa ya kawaida. Mwaka 1859, huko London, John Tyndall alipima jinsi hewa mbalimbali zinavyonasa mionzi ya joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka, dunia itapata joto zaidi. Wapagazi walikuwa bado wanapita hapa na pembe za ndovu mabegani.

Kipimo cha kila siku kilianza mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Wakati huo katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 315. Leo imepita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280, na hilo linajulikana kutokana na mapovu ya hewa ya kale yaliyofungiwa katika barafu ya Antaktika. Tena, kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: imekaa ardhini mamilioni ya miaka, na ile kaboni yenye mnururisho, ambayo miti iliyo hai inayo, ndani yake imekwisha kutoweka. Wanasayansi waliiona alama hiyo hewani tangu miaka ya 1950.

Dominika iliyofuata tulisimama mimbarini tukayafuta maneno yetu, tukamwomba radhi yule mama bila kumtaja jina. Tulidhani shauri limekwisha, kumbe lilikuwa limepata sura mpya. Mzee mmoja aliyestaafu katika shirika la reli, msomaji mzuri na mbishi mwenye heri, alitujia akitabasamu. “Baba, umekiri mwenyewe kwamba umekosea. Basi na habari hii yote ya tabianchi ni ya kukosea. Nimekaa Kigoma miaka mingi. Pale Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, maji yalikuwa karibu. Leo kumbukumbu ile iko mbali na ufuko. Ziwa limepanda na kushuka kabla ya magari, na reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Nani alichoma mafuta?”

Wapendwa, hapa ndipo tulipoona hasara ya pili ya uongo wetu. Ya kwanza ilimwangukia mjane. Ya pili iliuangukia ukweli wenyewe, kwa sababu neno baya likiisha kukanushwa huzama pamoja na neno jema lililokuwa jirani yake.

Hata hivyo mzee yule alistahili kujibiwa, si kunyamazishwa, kwa kuwa aliyoyasema kuhusu ziwa ni kweli. Ziwa Tanganyika lilipanda sana katika karne ya 19, hata mnamo mwaka 1878 likaufungua mlango wake wa Lukuga kuelekea Kongo, kisha likashuka kwa mita kadhaa. Tena katika miaka ya karibuni, ikiwamo 2021 na 2024, limepanda na kufurika pwani zake. Tabianchi imekuwa na mageuzi yake tangu zamani, na asiyekiri hilo hasemi kweli. Lakini hoja haifiki mbali hivyo. Pori letu la miombo limekuwa likiwaka kwa radi tangu enzi na enzi, na hakuna hakimu atakayemwachilia mtu aliyekamatwa na kiberiti mkononi kwa sababu hiyo. Yapo yanayomtofautisha huyu na radi. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza nguvu, hewa ya juu kabisa nayo ingepata joto. Vipimo vinaonyesha kwamba hewa ya chini inapata joto huku ile ya juu ikipoa, kama ilivyotarajiwa iwapo joto linanaswa huku chini.

Tulimwambia pia kwamba wanasayansi wenyewe hubishana. Mwaka 2003 zilitolewa taarifa mbili kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yameongezeka joto, hata ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha dagaa kinapungua. Wengine walisema upungufu wa samaki umetokana zaidi na uvuvi uliopita kiasi. Kuhusu Kilimanjaro, ambako zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka, upo mjadala ni kiasi gani kimeletwa na joto na ni kiasi gani na ukavu wa hewa. Mabishano ya namna hiyo ni ya haki: kila upande huleta kipimo chake, na swali huzidi kuwa jembamba hata likajibika. Ubishi wa kutafuta ushindi hufanya kinyume; kila ukibanwa mahali huhamia pengine.

Mzee akatafakari, kisha akarusha jiwe lake la mwisho, nalo lilikuwa zito: “Kama ni hivyo, waliochoma makaa ya mawe kwa miaka 200 ni wengine. Kwa nini mahubiri yawe juu ya mkaa wa mjane?” Hapo hatukumpinga. Mtanzania mmoja, kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, hutoa chini ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Wastani wa mtu duniani unazidi tani 4. Mkaa wa miti nao una hesabu tofauti, kwa kuwa mti uliokatwa ulikuwa umeivuta kaboni yake hewani hivi karibuni, na kisiki cha miombo kikiachwa huchipua na kuivuta tena. Kosa huja pale pori linapokatwa bila kupewa muda wa kuchipua, kwa mkaa, kwa mashamba, kwa kuni za mabani ya tumbaku. Hapo kaboni hairudi, nyuki hukosa maua, na udongo hukosa kivuli. Kwa hiyo tunao wajibu wetu, na tunapaswa kuutimiza kwa kipimo chake halisi, bila kubebeshwa wa wengine na bila kujificha nyuma ya wengine.

Hayati Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alikiri kwamba Kanisa halidai kuamua masuala ya kisayansi, bali linatamani mjadala wa kweli na wa wazi. Mwaka 2023, katika Laudate Deum, alirudi kuwajibu wale wanaodharau ushahidi. Mambo hayo mawili hayapingani. Kutokuwa hakimu wa sayansi hakumpi mtu ruhusa ya kuziba masikio. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, Bwana anawashangaa watu wanaojua kusoma wingu la magharibi na upepo wa kusini, na wasijue kuutambua wakati wao. Sisi hata wingu tulilisoma vibaya.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, tusiseme juu ya hewa na mvua tusiyoyaelewa, na tukisahihishwa tusikimbilie kigangoni. Pili, tunapobishana, tumjibu mwenzetu kwa hoja yake iliyo bora, si kwa ile iliyo dhaifu. Tatu, kabla ya kumtaja mkosaji, kila mmoja atazame kwanza jikoni kwake.

Jikoni kwetu bado tunatumia mkaa, ingawa tumeanza kutumia jiko linalokula kidogo. Gunia la Jumamosi bado linaletwa. Yule mama amerudi Jumuiyani, lakini watoto kisimani hawajaacha kabisa jina lile. Wazazi, tunawasihi mtusaidie kulifuta. Sisi tulilianzisha, na peke yetu hatuwezi kulikomesha.

Tunawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.