Kwa Mpwa Aliyenunua Rili ya Pini

Mpwa wangu mpendwa,

Mjomba wako ameipata barua yako na amefurahi kusikia kwamba umeziacha rili za kisasa ukanunua rili ya pini, tena iliyokwishatumika. Kilichomtia wasiwasi ni haraka yako. Hujamaliza hata kuifahamu, tayari unauliza beringi za kauri zinauzwa wapi hapo Mississauga. Umeandika kwamba gurudumu linasita, linakwaruza, na mshipi unapenya nyuma yake: hayo ni maradhi matatu, na huenda hakuna hata moja linaloponywa na beringi mpya. Kwa hiyo mjomba anaomba uisome barua hii mpaka mwisho ndipo ushike bisibisi.

Rili ya pini haina siri. Ni bamba la nyuma, pini moja iliyosimama katikati ya bamba, na gurudumu linalobeba mshipi likizunguka juu ya pini hiyo. Gia za kuongeza kasi hazimo, wala breki ya kukaza na kulegeza. Mkono ukizungusha mara moja, gurudumu huzunguka mara moja. Gurudumu la inchi 4 na nusu likiwa limejaa hurudisha kama sentimita 36 za mshipi kwa mzunguko, na kadiri mshipi unavyokwenda mtoni, kipimo hicho hupungua. Ndiyo maana wazoefu wakitaka kurudisha mshipi upesi hawashiki vishikio. Hulipiga gurudumu ukingoni kwa kiganja, pa, pa, pa, likaenda lenyewe. Breki ni kidole gumba. Babu yako wa Pangani, aliyevua maisha yake yote kwa mshipi wa mkono, angeielewa rili hii kabla hajamaliza kahawa yake.

Nottingham, mji ninaokuandikia, ndio kwao rili hizi. Karne ya 19 wavuvi wa Mto Trent walikuwa na rili za mbao na shaba, na mtindo wao wa kuvua ukachukua jina la Nottingham. William Bailey, mvuvi wa hapahapa, aliueleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1857. Baadaye Henry Coxon, naye wa Nottingham, akabuni rili nyepesi iliyoitwa Aerial, ikatengenezwa na kampuni ya Allcock ya Redditch. Leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombania. Mtindo wenyewe ni huu: mvuvi huachia chelezo kichukuliwe na maji, na chambo chini yake kisafiri kwa mwendo wa mto, mita thelathini, arobaini, hata zaidi. Gurudumu likivuta nyuma hata kidogo, chelezo hulala, chambo huinuka, na samaki hukiona kinakwenda kinyume na kila kitu kingine kinachopita mbele yake. Wenyeji wako wa Ontario wanaovua trauti wapandao kutoka ziwani kuingia Mto Credit wanafanya jambo lilelile, ila samaki wao ni wakubwa na maji yao ni baridi zaidi.

Basi wepesi wa gurudumu ndio kila kitu, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kuna fahari moja inayomchosha mjomba: mtu hulisukuma gurudumu kwa nguvu zake zote, kisha anatazama saa. Dakika moja, mbili, tatu, anapiga kelele za ushindi. Lakini mtoni hakuna anayelisukuma gurudumu hivyo. Linavutwa na chelezo kidogo, tena kutoka kwenye kusimama. Swali la kweli ni gurudumu linahitaji uzito gani ili lianze kuzunguka.

Kipimo chake hakihitaji kufungua kitu. Rili ifungwe kwenye ufito kama inavyokaa wakati wa kuvua, mshipi upitishwe kwenye pete zote, na mwishoni zibanwe chubwi ndogo za saizi ya AAA, gramu 0.8 kila moja. (Hapa Uingereza za risasi haziuzwi tangu mwaka 1987 kwa sababu ndege wa majini walizimeza wakafa kwa sumu, siku hizi ni za madini mengine.) Ziongezwe moja baada ya moja mpaka gurudumu lianze kutoa mshipi lenyewe. Idadi iandikwe kwenye karatasi. Baada ya kila hatua ya matengenezo kipimo kirudiwe, na hapo mwenye rili atajua kilichosaidia ni nini, badala ya kubahatisha.

Kabla ya beringi, mshipi. Mjomba ameziona rili nyingi zilizoitwa mbovu ambazo shida yake ilikuwa shibe tu. Mshipi uliojazwa hadi ukingoni huongeza uzito palepale unapoumiza zaidi, mbali na pini, na gurudumu zito huchelewa kuanza na huchelewa kusimama. Mita 100 za mshipi mwembamba zinatosha kwa mito mingi. Shibe hiyohiyo ndiyo inayoufanya mshipi umwagike ukingoni na kujipenyeza kati ya gurudumu na bamba, ambako hujizungusha kwenye pini mpaka kila kitu kinakwama. Mshipi uliovingirishwa ukiwa legelege hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kuutoa wote, kupunguza, kisha kuurudisha ukipita kati ya vidole viwili vinavyoubana, umelala sawasawa kutoka upande hadi upande.

Na kama mshipi unajisokota, kosa ni la namna ya kurusha. Mshipi unaotolewa ubavuni mwa gurudumu hupata msokoto mmoja kwa kila duara linalotoka. Wazee wa hapa huuachia mtoni mtupu, bila chelezo wala ndoana, maji yaunyooshe, kisha huurudisha taratibu. Waliokwisha kufuzu hurusha kwa mtindo wa Wallis, mvuvi mwingine wa Nottingham, ambao gurudumu huzunguka wakati wa kurusha na mshipi hausokoteki kabisa. Huo hutajifunza kwa barua.

Sasa mlio. Gurudumu lizungushwe karibu na sikio, mshipi ukiwa umetolewa. Sauti ya tik-tik yenye mpangilio si ya beringi. Ni kijino cha mlio, kile kinachowashwa na kuzimwa kwa swichi, kinachogusa meno ya gia yake ingawa swichi imezimwa. Mara nyingi springi yake imelegea au imekaa vibaya, na kuinyoosha ni kazi ya dakika chache. Gurudumu linalosimama kila mara mahali pamoja, kisha likarudi nyuma kidogo kabla ya kutulia, lina upande mzito. Vishikio viwili vimewekwa vitazamane ili visawazishane, kwa hiyo kishikio kilichobadilishwa na kisicholingana na mwenzake kinatosha kuharibu mizani. Ni mkwaruzo wa chembechembe tu, usio na mpangilio, unaoelekeza kidole kwenye beringi.

Hapo ndipo rili ifunguliwe, juu ya kitambaa cheupe ili skrubu isipotee, na kila hatua ipigwe picha kwa simu. Beringi zitolewe kwa upole, zitiwe katika kichupa chenye mafuta ya taa, kifuniko kifungwe, zitikiswe. Mafuta yatageuka kijivu, pengine na chembe za mchanga chini. Yamwagwe, yatiwe mengine, mpaka yabaki safi. Kazi hii ifanyike nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko. Baada ya kukaushwa vizuri, kila beringi ivikwe kwenye penseli na kuzungushwa kwa kidole: ikipita laini, ni nzima, ikikwama baada ya kuoshwa mara mbili au tatu, hiyo sasa inunuliwe mpya. Kisha tone moja la oili ya cherehani kwa kila beringi. Tone moja, mpwa.

Grisi ndiyo adui wa siri. Beringi nyingi hutoka kiwandani zimepakwa grisi, nayo inafaa kwa mashine inayozunguka kwa nguvu ya mota, si kwa gurudumu linalovutwa na chelezo. Kwenye baridi ya Novemba huko kwenu huganda kama samli, na gurudumu lililokuwa jepesi sebuleni hugoma mtoni. Mahali pa grisi katika rili hii ni kwenye kijino na gia yake, tena kwa kupaka juujuu. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa. Baada ya muda hugeuka ulimbo.

Lakini huenda rili yako haina beringi hata moja. Za zamani nyingi hukaa juu ya pini na bushi tu, na baadhi yake zina skrubu ndogo katikati ya gurudumu inayogusa ncha ya pini na kulibeba gurudumu lote. Skrubu hiyo ikikazwa mno, gurudumu hucheza na kutikisika. Ikilegezwa mno, gurudumu hushuka likasugua bamba. Irekebishwe robo ya mzunguko kwa kila jaribio. Mtikisiko mdogo unaosikika kwa vidole ni wa kawaida, na anayetaka kuuondoa wote ataishia kulinunua gurudumu la pili.

Kuyumba ni jambo lingine, na lina mtihani wake. Penseli ishikwe imara, ncha ikikaribia ukingo wa gurudumu, na gurudumu lizungushwe polepole. Pengo likipanuka na kufinyika kadiri gurudumu linavyokwenda, gurudumu lenyewe ndilo lililopinda. Lakini gurudumu likiwa limelisogelea bamba upande mmoja, na upande huo usihame hata likizungushwa, basi ni pini iliyoinama, kwa kawaida baada ya rili kuanguka kwenye mawe. Wauzaji wa rili zilizotumika hawapendi mtihani huu.

Rili za mbao mjomba hana mengi ya kusema juu yake, kwa kuwa yako ni ya alumini. Mbao hunywa maji na kuvimba. Msalaba wa shaba mgongoni mwa rili hizo uliwekwa kuizuia mbao isipinde. Ikilowa ikauke kivulini, kamwe isiwekwe juu ya hita.

Kwa yako, shida itakuwa maji yanayoingia na kuganda ndani. Ukitoka mtoni usiifungie kwenye mfuko uliolowa. Gurudumu litolewe kwenye pini, vyote vifutwe, vilale wazi usiku kucha ndani ya nyumba. Chumvi ni kali zaidi: wavuvi wa ufukweni KwaZulu-Natal, ambao mpaka leo hutumia rili kubwa za pini ziitwazo Scarborough, huziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila warudipo. Matengenezo makubwa ni mara moja kwa mwaka. Sisi huku tunayafanya kati ya Machi 15 na Juni 15, mito inapofungwa kwa samaki wengi wasio wa jamii ya trauti na samoni. Wewe samaki wako hupanda kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo kazi yako iwe ya kiangazi.

Kuhusu beringi za kauri, jawabu ni hapana. Nunua kichupa cha oili ya cherehani, na pesa itakayobaki uongeze kwenye simu ya kila wiki kwa mama yako. Kisha umwandikie mjomba mambo mawili: gurudumu linahitaji chubwi ngapi kabla na baada ya kupunguza mshipi, na mtihani wa penseli umesema nini. Kama ni pini iliyoinama, usiiguse kwa nyundo wala koleo. Mtafute fundi wa kukereza vyuma aipime kwenye mashine yake, na umuulize bei kabla hajaanza.

Wasalaam,
Mjomba wako